Ng'ombe wa Dada Yetu



Juma lililopita, baada ya Misa ya pili, mama mmoja wa jumuiya yetu hapa Kwa Mrombo alitusubiri kwenye mlango wa sakristia. Hakuleta nia ya Misa, wala hakuhitaji barua ya ubatizo. Alikuwa na swali moja tu: "Padri, binti aliyeachika akarudi, siku akifa anazikwa wapi?" Tulimjibu kwa haraka, kwa maneno mazuri yasiyomgharimu yeyote, kwamba ardhi yote ni ya Bwana. Alishukuru, akainama kidogo, akaondoka. Tulipokuwa tukivua mavazi ya Misa tuligundua kwamba swali lile tulikwisha kulisikia miaka mingi iliyopita, kutoka kinywani mwa mtu wa damu yetu, na kwamba mara ile nayo tulijibu vibaya. Kwa hiyo tafakari ya juma hili ni deni. Tutaieleza habari yenyewe kama ilivyokuwa, maana si haki kuwahubiria wengine jambo ambalo sisi wenyewe tulilikosea.

Sisi tunaoandika haya tulizaliwa kwenye mteremko wa Mlima Meru, katika nyumba ya Waarusha, kati ya migomba na mibuni. Tulikuwa watoto saba: wasichana watatu na wavulana wanne. Dada yetu mkubwa alitubeba mgongoni sote tuliomfuata. Mwaka 1982, alipokuwa amekwisha kumaliza darasa la saba, watu wa boma jingine walikuja kumposa. Mahari ilikubaliwa: ng'ombe sita, na vitu vingine ambavyo mila hudai, pamoja na kondoo na asali ya pombe. Katika ng'ombe wale sita, wawili hawakulala zizini kwetu hata mwezi mmoja. Walipelekwa mnadani Ngaramtoni, wakauzwa, na fedha yake ikalipa ada ya seminari ndogo ya kijana mmoja wa nyumba ile. Kijana huyo ndiye padri anayewaandikia leo.

Hatusemi hivi ili kuidharau mahari. Wale wanaosema kwamba mahari ni kumnunua mwanamke hawakuketi na wazee wetu kuusikiliza mpango wote. Miongoni mwa watu wa lugha ya Kimaa, bibi arusi anapoingia katika boma la mumewe hupewa mnyama na wakwe zake, na tangu siku ile mtoaji na mpokeaji huitana kwa jina la zawadi: paker ikiwa ni kondoo, paashe ikiwa ni ndama, pakiteng ikiwa ni ng'ombe. Maana yake ni kwamba msichana haingii nyumba ngeni akiwa hana jina. Anaingia akiwa na jina ambalo kila anayelitamka anakumbuka wajibu wake kwake. Kisha mumewe hupaswa kumgawia shamba la kulima, na nyumba ni yake, na hakuna mke mwingine anayeingia kugawa chakula cha nyumba ile. Na kule alikotoka, kaka zake hubaki kuwa wajomba wa watoto wake, watu wa heshima kubwa, ambao baraka yao hutafutwa na laana yao huogopwa.

Mwanaanthropolojia Philip Gulliver aliishi na Waarusha katika miaka ya 1950, na kitabu chake kuhusu namna walivyosuluhisha magomvi yao kilichapishwa mwaka 1963. Tayari wakati ule aliikuta ardhi ya mlimani imebana, watu wengi, na mashauri mengi ya mipaka yakipelekwa kwenye vikao vya ukoo na vya rika. Sisi tulikua katika dunia hiyohiyo iliyobana. Mtoto wa kiume alijua tangu utoto kwamba siku moja atagawiwa kipande. Mtoto wa kike alijua kwamba atagawiwa kipande kwa watu wengine. Hakuna aliyeona ajabu, kwa sababu nyuma ya mgawo ule kulikuwa na neno ambalo halikuandikwa popote lakini kila mtu alilifahamu: kaka aliyerithi ardhi ya baba amerithi pamoja nayo dada zake. Mlango wa kwao hauna budi kuwa wazi. Akifukuzwa, ana pa kurudi. Akifiwa, ana pa kulilia. Wavulana walipewa ardhi pamoja na mzigo wake.

Baba yetu alifariki mwaka 1994. Shamba liligawanywa mafungu manne, nasi tukapata fungu letu, ingawa tulikuwa tumekwisha kuweka nadhiri ya useja na hatukuwa na mke wa kulima wala mtoto wa kurithi. Wazee walisema, "Hata padri ni mtoto wa kiume." Tulicheka, tukashukuru. Dada zetu watatu walikuwa jikoni wakiwapikia wageni wa kikao. Hatukumbuki kwamba yeyote kati yetu aligeuza shingo kuwatazama.

Miaka minne baadaye tulianza kusikia kwamba nyumbani kwa dada yetu hakuna amani. Mumewe alikuwa akimpiga. Si mara moja, wala si kwa hasira ya siku moja. Kikao cha ukoo kiliketi, na kwa kuwa sisi tulikuwa na kola ya upadri, tulitumwa kwenda kuzungumza naye. Tulimkuta anachambua maharage. Tulimwamkia, "Shikamoo, dada," naye akaitikia bila kuinua uso, kwa sababu jicho moja lilikuwa limevimba. Tukamwambia habari za msalaba. Tukamwambia kwamba mwanamke mvumilivu ndiye ajengaye nyumba. Tukamwambia avumilie.

Wapendwa, maneno ya uvumilivu ni matakatifu yakitoka mahali patakatifu. Lakini leo twakiri kilichokuwa nyuma ya maneno yetu. Katika mila, mke akiondoka, watu wa mume wanaweza kudai ng'ombe wao. Kaka zetu waliogopa dai hilo, kwa sababu ng'ombe hawakuwapo tena. Wawili walikuwa wamegeuka kuwa ada yetu, wengine walikuwa wametolewa mahari ya kaka yetu wa pili. Kumrudisha dada yetu nyumbani kungekuwa na bei, na bei ile tulikuwa tumekwisha kuila. Kwa hiyo tulimhubiria uvumilivu ili sisi tusilipe. Tulitumia Injili kama mtu anavyotumia kufuli.

Yeye alijua. Alimaliza kuchambua maharage, akayaosha, akasema kwa sauti ya kawaida, "Mdogo wangu, wewe umesomeshwa na ng'ombe wangu. Mimi nitasomeshwa na nani?" Hatukuwa na jibu. Tulibariki nyumba, tukaondoka.

Mwaka 2003 aliondoka mwenyewe na watoto wake wawili wadogo. Hakurudi mlimani. Alishuka upande huu wa kusini wa mji, akapanga chumba Kwa Mrombo, siku ambazo mahindi yalikuwa bado yanalimwa karibu na nyumba za watu na vumbi la barabara liliingia mpaka kwenye chungu. Ninyi mnaoishi hapa mnajua kwamba nyama choma ya Kwa Mrombo inajulikana mji mzima. Basi pembeni ya majiko ya nyama dada yetu aliweka jiko lake dogo, akachoma ndizi, wanywaji na walaji wakanunua, na kwa ndizi hizo watoto wake walisoma. Sisi wakati huo tulikuwa parokia nyingine, mbali. Tulimtumia salamu za Krismasi.

Ni nani aliyekuwa ndugu yake katika miaka hiyo? Swali hili limetufundisha mengi juu ya parokia tunayoitumikia sasa. Kwa Mrombo ni mahali pa watu waliotoka kwingine: Waarusha na Wameru walioshuka mlimani, Wachaga, Warangi, Wairaki, Wapare, Wanyaturu. Mwanamke anayefika hapa ameacha mama, shangazi, wifi na kungwi. Lakini hakai mpweke kwa muda mrefu. Dada yetu alipougua, mama mmoja wa Kirangi alilala chumbani kwake usiku tatu. Alipoibiwa mtaji, wenzake wa kikoba walimkopesha bila dhamana. Binti yake alipojifungua, uji wa mzazi ulipikwa na wanawake wa jumuiya, kila mmoja kwa mapishi ya kwao, mpaka ikawa mzaha kwamba mtoto yule ana makabila sita. Watu husema mji umeua undugu. Sisi tumeona kwamba undugu wa kike haukufa. Ulihama tu, ukajifunza Kiswahili, ukaanza kuweka akiba kila Jumamosi.

Na wala si jambo la kushangaza kwa Kanisa la huku. Mwanahistoria Dorothy Hodgson aliandika mwaka 2005 juu ya utume wa wamisionari wa Roho Mtakatifu miongoni mwa Wamaasai wa kaskazini mwa Tanzania. Alionesha kwamba wamisionari walitamani sana kuwapata wanaume, lakini waliojaza makanisa ni wanawake. Mama yetu mzazi naye alibatizwa miaka tisa kabla ya baba. Tulipokuwa wadogo tulimwuliza kwa nini, akasema kwamba wanawake walikuwa wakizungumza na Eng'ai tangu zamani, alfajiri, wakimimina maziwa ya kwanza, na kwamba padri alikuta mazungumzo yanaendelea. Wanaojua Kimaa watakumbuka kwamba jina hilo la Mungu limewekwa katika jinsia ya kike, na kwamba neno hilohilo ni mvua.

Tukirudi kwa dada yetu: tulipohamishiwa katika mji huu, tulimtembelea. Alikuwa amezeeka kuliko umri wake, lakini anacheka. Alitukaangia ndizi, akatuuliza habari za mlimani. Tulimwambia kwamba mji umepanda, kwamba shamba la chini limekatwa viwanja na kaka zetu wawili, na kwamba fedha imekwisha. Akanyamaza. Ndipo akauliza, "Na mimi nikifa, mtanizika wapi? Kwa mume nimeondoka. Kwa baba mmeuza. Hapa nimepanga. Je, mwenye nyumba atanizika kwenye uwanja wake?"

Tulimjibu kwamba ardhi yote ni ya Bwana. Akatutazama kama mtu anavyomtazama mtoto.

Usiku ule hatukulala vizuri, na katika kukosa usingizi tuliona jambo ambalo tungeomba kila kaka mwenye kusoma haya alitafakari. Tunasema kwamba mila ndiyo iliyowanyima dada zetu ardhi. Si kweli yote. Mila iliwapa kaka ardhi na mzigo kwa pamoja. Sisi ndio tuliozitenganisha. Tulipouza viwanja hatukusema kwamba dada zetu wana sehemu yao katika fedha, kwa sababu mila hairuhusu. Na dada alipohitaji pa kurudi hatukusema kwamba mila inatudai, kwa sababu siku hizi kila mtu anajitegemea. Tulishika mila tulipopokea, tukashika usasa tulipotakiwa kutoa. Mzee wa zamani asingeitambua tabia hiyo kuwa mila.

Sheria za nchi zimekwisha kusema mengi juu ya hili. Mwaka 1990, katika kesi ya Holaria Pastory, mama wa Kihaya aliyeuza shamba aliloachiwa na baba yake kwa wosia, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu ya Mwanza aliamua kwamba mila ya kumzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo, wakati mwanamume anaweza, haipatani na haki za binadamu zilizomo katika Katiba yetu. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinatamka kwamba mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawasawa na mwanamume. Lakini katika urithi kuna Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963, lililowaweka mabinti katika daraja la tatu, la mwisho. Wajane wawili wa mkoa wa Shinyanga walilipinga. Mahakama Kuu mwaka 2006 ilikiri kwamba lina ubaguzi, ila haikulifuta. Shauri likafika Umoja wa Mataifa, na mwaka 2015 kamati inayosimamia mkataba wa haki za wanawake iliwaunga mkono wajane hao, ikaitaka nchi yetu irekebishe sheria hizo. Tunayataja haya ili akina mama wasidanganywe kwamba hawana haki. Hata hivyo, ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya ardhi haigawanywi mahakamani. Inagawanywa kwenye kiti cha mti, chini ya mgomba, na watu kama sisi.

Tulifungua pia kitabu cha Hesabu, sura ya 27. Selofehadi alifariki bila mtoto wa kiume, akaacha mabinti watano: Mahla, Noa, Hogla, Milka na Tirza. Hawakunung'unika jikoni. Walikwenda mpaka mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, kuhani na wakuu wote, wakaidai sehemu ya baba yao. Musa hakutoa jibu la haraka, akalipeleka neno lao kwa Mungu, na Mungu akasema mabinti wale wana haki. Sura ya 36 inaonesha kwamba wazee wa kabila walikuja na hofu ileile ya wazee wetu: wakiolewa kwingine, ardhi itakwenda kwa watu wengine. Hofu hiyo ni ya zamani sana. Lakini Mungu hakuitumia kufuta haki, aliitafutia utaratibu.

Wala si sisi peke yetu duniani. Katika Nyuzilandi, Wamaori hutumia neno moja, whenua, kwa ardhi na kwa kondo la nyuma la mtoto, nao kwa desturi hulizika kondo hilo katika ardhi ya ukoo. Baada ya Vita Kuu ya Pili wengi wao walihamia mijini. Mwaka 1951 wanawake waliunda umoja wao, na rais wake wa kwanza alikuwa mama Mkatoliki, Whina Cooper. Mwaka huohuo wa 1951 ndugu zetu Wameru walikuwa wakifukuzwa na serikali ya kikoloni huko Engare Nanyuki, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa kuilalamikia dunia. Mama Cooper, akiwa na umri wa miaka 79, aliongoza mwaka 1975 maandamano ya miguu kutoka Te Hapua hadi Wellington kutetea ardhi ya watu wake. Twamheshimu Mzee Kirilo kwa kila hatua ya safari yake. Lakini picha ya bibi yule mwenye fimbo, amemshika mkono mjukuu wa kike, inatuuliza swali: tulipolia mbele ya dunia kwamba tumenyang'anywa ardhi ya baba zetu, je, tuliwahesabu mabinti wa baba hao?

Basi tulipanda mlimani, tukaomba kikao. Tulisema kwamba fungu letu twalitoa kwa dada yetu, kwa maandishi, mbele ya ukoo na mbele ya halmashauri ya kijiji. Tungependa kuwaambia kwamba wote walifurahi. Mzee mmoja wa rika la baba alisema ni haki, kwa kuwa ng'ombe walikuwa wake. Kaka yetu wa pili alisema tunaleta mambo ya mjini, na kwamba kesho watoto wa dada, ambao ni wa ukoo mwingine, watakuja kujenga katikati yetu. Hofu yake haikuwa ya kijinga. Tulijibizana mpaka jioni. Kaka yetu mdogo aliondoka kabla ya kuweka sahihi, na mpaka leo salamu yake kwetu ni fupi.

Wengine walitusifu kwa ukarimu. Tunawaomba wasitusifu. Ukarimu ni kutoa kilicho chako. Sisi tulirudisha ng'ombe wawili, tena kwa kuchelewa zaidi ya miaka ishirini, tena tukiwa hatuna cha kupoteza.

Dada yetu hakuhamia mlimani. Bado yuko hapa, bado anachoma ndizi, na ndugu zake wa kikoba bado wako pembeni yake. Lakini amepanda migomba kwenye kipande kile, na kila baada ya wiki mbili hupanda daladala kwenda kuipalilia. Tulimwuliza kwa nini anahangaika hivyo. Akasema, "Mdogo wangu, mtu asizikwe mahali asipopajua."

Kwa hiyo, mama uliyetusubiri mlangoni mwa sakristia, tusamehe kwa jibu lile la haraka. Jibu la kweli ni kwamba binti huzikwa mahali ambapo kaka zake walikumbuka kumwekea angali hai. Na kwenu akina kaka na akina baba: andikeni wosia mbele ya mashahidi, na majina ya mabinti yawemo. Kabla hamjauza kiwanja cha ukoo, waiteni dada zenu wakae kwenye kikao, si jikoni. Na kama kuna dada aliyerudi amevimba jicho, msimtume padri kumhubiria uvumilivu kabla hamjajiuliza ng'ombe wake waliliwa na nani.

Siku ya Jumatano jioni, baada ya Rozari, tutaketi ukumbini na akina mama wa WAWATA na wazee wa jumuiya kulizungumza jambo hili. Akina baba, njooni pia.

Mungu awabariki. Tukutane juma lijalo.